Kutu, Samli na Mbegu ya Pamba: Historia ya Utunzaji wa Visu vya Feleji katika Bariadi na Nchi ya Simiyu

Utangulizi

Wanahistoria wa Tanzania wameandika mengi kuhusu jinsi chuma kilivyopatikana, na machache sana kuhusu jinsi kilivyotunzwa. Tanuri, mivukuto, wahunzi, misafara ya majembe na bei za bidhaa za Ulaya vimepewa sura nzima katika vitabu; kazi ya kila siku ya kukifuta kisu, kukipaka mafuta na kukiweka mahali pakavu haikupewa hata aya. Insha hii inashika upande huo uliosahauliwa. Inachunguza namna kutu ilivyozuiwa katika zana za feleji, hasa kisu kidogo cha kukunja kinachobebwa mfukoni, katika Bariadi na maeneo jirani ya Maswa, Meatu, Itilima na Busega, ambayo tangu mwaka 2012 yamo katika Mkoa wa Simiyu. Hoja yake kuu ni kwamba uhai wa chuma katika nchi hii haukuamuliwa na mhunzi wala na mwenye duka peke yao. Uliamuliwa pia na vitu vilivyokuwamo nyumbani: samli, moshi, nta, na baadaye mafuta ya mbegu za pamba.

Sina budi kukiri kosa lililonileta kwenye mada hii. Niliachiwa kisu cha kukunja cha babu yangu, kilichokuwa kimekaa miaka mingi ndani ya sanduku la mbao mjini Bariadi. Ubapa wake ulikuwa umeshika kutu nyekundu, na kwa haraka ya kutaka kuuona uking'aa nikausugua kwa msasa. Uling'aa kweli. Lakini karibu na bawaba palikuwa na alama ya kiwanda, iliyochapwa kwa kina kifupi sana, nami nilikuwa nimeiona kwa shida chini ya kutu siku ya kwanza bila kuisoma. Baada ya msasa haikuwapo tena. Kwa mtu anayejiita mwanahistoria, huko ni kuchoma hati kabla ya kuisoma. Mengi yanayofuata hapa ni jitihada ya kuelewa nilichokiharibu, na kile ambacho msasa haukukifikia.

Chuma na maradhi yake

Kutu si uchafu unaotoka nje na kutua juu ya chuma. Ni chuma chenyewe kinachorudi katika hali iliyo karibu na ya mawe mekundu kilikoyeyushwa. Chuma, oksijeni na maji vikikutana, chembe za chuma huachia umeme wake mdogo na kuungana na oksijeni, na kile kinachozaliwa ni unga mwekundu usioshikamana. Kwa kuwa unga huo haushikamani, hauwezi kuwa ngao. Maji hupenya chini yake na kazi huendelea. Si lazima mvua inyeshe juu ya kisu. Unyevu wa hewa ukizidi takriban asilimia 60, utando wa maji usioonekana kwa macho hutanda juu ya chuma, nao unatosha.

Feleji ya kaboni inayotumika kutengenezea zana huwa na kaboni kati ya asilimia 0.5 na 1.5 hivi. Kaboni hiyo ndiyo inayoiwezesha kuwa ngumu inapochomwa na kuzamishwa ghafla katika maji au mafuta, na ndiyo inayokipa kisu makali yanayonolewa kwa urahisi juu ya kinoo. Haina msaada wowote dhidi ya kutu. Watu wengi hudhani kwamba chuma kigumu hakiliwi upesi, si hivyo. Tena sehemu inayoumia kwanza ni ile yenye thamani kuliko zote, yaani makali, kwa sababu ndiyo nyembamba kuliko zote. Kisu kinaweza kuonekana kizima kwa macho na kisikate nyama, kwa kuwa kutu imekwisha kutafuna ncha zake ndogo.

Kuna hata hivyo aina nyingine ya kuungua, nayo ni rafiki. Ubapa unaotumika kila siku kukatia embe, ukwaju, nyama na kamba hugeuka taratibu kuwa na rangi ya kijivu iliyokolea, wakati mwingine na doa la buluu kama shingo ya njiwa. Utando huo mweusi ni mzito, umeshikamana, na hupunguza mwendo wa kutu nyekundu. Ni kitu kile kile kwa sehemu kubwa na gamba jeusi linaloachwa na moto wa mhunzi. Mwenye kisu aliyezoea kazi hakuuondoa. Mimi niliuondoa.

Majembe yaliyolala

Historia ya chuma katika kanda ya Ziwa ni ndefu kuliko inavyokumbukwa na wengi. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha katika jarida la Science matokeo ya utafiti wao miongoni mwa Wahaya wa Kagera, wakionyesha kwamba tanuri za wahunzi wa huko ziliweza kutoa chuma chenye kaboni, yaani feleji, na kwamba ufundi huo ulikuwa na mizizi ya takriban miaka 1,500 hadi 2,000. Karibu zaidi na Usukuma, upande wa Uzinza na Geita, Warongo walijulikana kwa kuyeyusha mawe ya chuma na kufua majembe yaliyosafirishwa Usukuma na Unyamwezi kabla ya ukoloni. Nchi iliyo mashariki, kuelekea Mto Simiyu na mbuga za Meatu, ilikuwa mwisho wa njia hiyo ya biashara, na kitu kinachofika mwisho wa njia huwa ghali.

Jembe la chuma halikuwa zana tu; lilikuwa mali, na lilitolewa katika mahari. Hapa pana jambo ambalo mtu anayefikiria kilimo peke yake hawezi kuliona. Jembe linalolima hujisafisha lenyewe. Udongo wa kichanga ambao Wasukuma huuita luseni hulisugua kila siku, na kutu haipati nafasi ya kukaa. Linaloshambuliwa ni jembe lililolala: lile lililowekwa kama akiba ya mahari ya kijana ambaye bado hajaoa. Thamani yake imo katika uzito wake, na kutu hupunguza uzito. Jembe lililochakaa liliweza kurudi kwa mhunzi likafuliwa kuwa kisu au kichwa cha mshale, lakini kilichokwisha kuwa unga mwekundu hakirudi kwa mhunzi yeyote. Kwa hiyo kuzuia kutu kulikuwa sawa na kuzuia wizi unaofanyika polepole ndani ya nyumba. (Inavutia kufikiri kwamba ng'ombe, waliochukua nafasi kubwa zaidi katika mahari, hawashiki kutu, lakini sotoka ya miaka ya 1890 ilionyesha kwamba nao wana namna yao ya kutoweka.)

Mahali penye akili zaidi pa kulaza chuma palikuwa juu ya moto wa kupikia, chini ya paa la nyasi. Tukiutazama mpango huo kwa macho ya kemia, tunakuta mambo mawili yakifanya kazi pamoja. Joto hukausha hewa, hata katika mwezi wa Machi au Aprili mvua za masika zinapokuwa zimeshika. Moshi nao huacha utando wa lami nyembamba juu ya kila kitu, na lami hiyo haipitishi maji kwa urahisi. Nyumba iliyoezekwa kwa bati na yenye jiko la mkaa nje haina hifadhi hiyo. Chini ya bati, usiku wa mvua, umande hujitengeneza upande wa ndani na kudondoka. Badiliko la paa, linalohesabiwa katika takwimu zetu kama dalili ya maendeleo, na ni kweli ni maendeleo, liliiondolea zana ghala lake bora bila mtu yeyote kukusudia hivyo.

Njia ya chumvi

Ushahidi mzito zaidi kuhusu uhusiano wa chuma na kutu katika nchi hii uko, kwa maoni yangu, mahali ambapo hakuna aliyeutafuta: katika safari za chumvi. Mwaka 1938 H. S. Senior alichapisha katika jarida la Tanganyika Notes and Records makala fupi kuhusu misafara ya Wasukuma waliokwenda Ziwa Eyasi kuleta chumvi. Ilikuwa safari ya kiangazi. Watu walikwenda kwa makundi, wakivuka nchi kavu iliyo mashariki ya Usukuma, ambamo Wahadzabe huwinda, hadi kwenye ziwa ambalo kingo zake hubaki na gamba jeupe maji yanapopungua. Gamba hilo lilipaswa kukwanguliwa, kukusanywa, kufungwa mizigo na kubebwa nyumbani. Kwa kazi kama hiyo mtu huhitaji chuma, angalau kisu cha kukatia kamba na magome ya kufungia mzigo.

Hapakuwa na mahali pabaya zaidi pa kupeleka kisu cha feleji. Chumvi ndiyo msaidizi mkuu wa kutu: sehemu yake ya kloraidi hupenya utando wowote unaokinga chuma, ukiwamo ule mweusi niliousifu hapo juu, na kuchimba vishimo vidogo vyenye kina. Lakini hatari hiyo ina tabia moja ya hila. Chumvi ya kawaida haianzi kuvuta maji kutoka hewani hadi unyevu wa hewa ufikie karibu asilimia 75. Katika ukame wa Julai na Agosti, kandokando ya Eyasi, vumbi la chumvi lililotanda juu ya ubapa hulala kavu, na kisu huonekana salama njia nzima ya kurudi. Maafa huja nyumbani. Mvua za vuli zinapoanza, kati ya Oktoba na Novemba, chembe zile zilizofichama katika mpini na ndani ya ala ya ngozi huyeyuka, na chuma huanza kuliwa kutoka ndani.

Hili lina maana kwa mwanahistoria anayesoma vitu. Kisu chenye vishimo vyenye kina upande ule uliogusana na ala, huku sehemu nyingine ikiwa imara, hakikuharibiwa na uzembe wa siku moja. Kilisafishwa juu na kusahauliwa ndani. Tena kinatukumbusha kwa nini kuosha kwa maji baridi, jambo linaloonekana kuwa kinyume cha kukinga chuma na maji, ndilo la kwanza kufanywa baada ya chumvi: mafuta yakipakwa juu ya chumvi huifungia ndani pamoja na chuma. Kwanza chumvi itolewe kwa maji, kisha maji yatolewe kwa moto au jua, ndipo mafuta yapakwe. Utaratibu huo wa hatua tatu ni ule ule kwa aliyetoka Eyasi na kwa mchunga ng'ombe wa leo ambaye jasho la kiganja chake, lenye chumvi yake, limelowesha kisu kutwa nzima.

Jambo hilo halikomi kwenye ziwa. Wakulima wa Usukuma wamekuwa wakiutambua udongo wao kwa majina yanayoeleza tabia yake: luseni ya kichanga, mbuga nyeusi inayonata, na ibambasi, udongo mgumu ambao mara nyingi una magadi ndani yake. Kisu kilichotumiwa kukwangulia jembe lililotoka katika ibambasi kimeguswa na chumvi bila kusafiri hata siku moja.

Samli, nta na pamba

Wafugaji wa Afrika Mashariki wamezoea kupaka mikuki yao mafuta ya mnyama, na nyumba ya Msukuma mwenye ng'ombe haikukosa samli. Samli ni mafuta mazuri ya kukinga chuma kwa sababu maji yake yamekwisha kuondolewa kwa kuchemshwa. Siagi mbichi, ambayo bado ina maji na maziwa ndani yake, si badala yake. Udhaifu wa samli ni kuoza. Ikikaa muda mrefu hutoa asidi, na asidi hiyo, ikiachwa kwenye feleji iliyong'arishwa, huacha madoa. Kwa hiyo samli ni mafuta ya kisu kinachotumika na kupakwa upya mara kwa mara, si ya kisu cha kuwekwa sandukuni. Kwa akiba ya muda mrefu nta ya nyuki inaishinda kabisa: haiozi, haitiririki, na ikisuguliwa juu ya ubapa uliopashwa moto kidogo huingia katika kila mkwaruzo. Nta ilikuwa bidhaa ya biashara ya nje ya Tanganyika, hasa kutoka Tabora. Kilichouzwa nje kwa ratili kingeweza kumfaa mwenye kisu kwa kipande kisichozidi ukucha.

Majivu yanastahili neno moja. Yanafaa kusugulia kutu changa kwa kuwa ni laini na yana asili ya magadi, ambayo huituliza asidi. Lakini yasiachwe juu ya chuma, kwani huvuta unyevu.

Kisha ikaja pamba. Ililetwa katika kanda hii wakati wa Wajerumani, ikaenea chini ya Waingereza, na leo Simiyu ndiyo inayotajwa kwanza zao hilo linapozungumzwa nchini. Viwanda vya kuchambua pamba vilitenga nyuzi na mbegu, na mbegu zikakamuliwa mafuta. Mafuta ya mbegu za pamba yana sifa ambayo samli haina: yakikaa hewani kwa utando mwembamba hukauka nusu, yakawa kama vanishi ya manjano inayonata. Mpishi hulalamikia gundi hiyo kwenye kikaango chake. Kwa chuma kinacholala, gundi hiyo ni koti.

Pamba hiyo hiyo ilileta pia adui. Kisu cha kukunja hukaa mfukoni, na mfuko hujaa vumbi la nyuzi. Nyuzi za pamba, hata zinapoonekana kavu, huwa na maji kiasi cha asilimia saba hadi nane ya uzito wake katika hewa yenye unyevu wa wastani. Zikijikusanya ndani ya mpini, pale ubapa unapolala, hufanya godoro lenye unyevu, likichanganyika na jasho na maji ya matunda. Ndiyo maana kisu cha kukunja hushika kutu mahali ambapo mwenyewe haoni, katika bawaba na mgongoni mwa ubapa, wakati kisu cha ala hushika kutu palipoguswa na ngozi. Kukitunza ni kukifungua kwanza, kutoa nyuzi kwa kijiti, na kudondosha mafuta tone moja kwenye bawaba. Tone la pili huvuta vumbi zaidi.

Reli, Solingen na springi za malori

Kisu cha kukunja kilifikaje? Reli iliyotoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, ikipita Malampaka katika nchi ya Maswa, na bidhaa za chuma zikapata njia rahisi ya kuingia. Jembe la Kiingereza lenye chapa ya mamba, la kampuni ya Chillington ya Wolverhampton, ni mfano wa zana za viwandani zilizopelekwa kwa wingi barani Afrika. Upande wa visu, mji wa Solingen nchini Ujerumani ulianza mwaka 1902 kutengeneza kisu cha kukunja chenye chapa ya Okapi, kilichokusudiwa kuuzwa katika makoloni ya Kijerumani ya Afrika. Jina lenyewe lilikuwa jipya: mnyama huyo wa misitu ya Kongo alikuwa ametambulishwa kwa wanasayansi wa Ulaya mwaka 1901 tu. Ubapa wake ulikuwa wa feleji ya kaboni, na chapa hiyo iliendelea kutengenezwa Ujerumani hadi ilipouzwa Afrika Kusini mwaka 1988. Kama kisu cha babu kilitoka Solingen au mahali pengine ndilo swali ambalo alama niliyoifuta ingelijibu.

Visu vingine havikuhitaji meli. Malori yaliyobeba pamba yalivunja springi katika barabara za mbuga, na springi ya lori ni feleji yenye kaboni karibu asilimia 0.5 hadi 0.6. Mhunzi wa gulioni alipata hivyo malighafi bora kuliko chuma cha bei nafuu kilichokuwa dukani. Aliuchoma, akaufua, akauzamisha katika mafuta, na ubapa ukatoka ukiwa mweusi kwa gamba la moto na mafuta yaliyoungulia juu yake. Mnunuzi wa mjini aliona kisu ambacho hakikumalizika. Kwa kweli kilikuwa kimekwisha kupewa kinga yake ya kwanza, na aliyekipiga msasa ili kionekane kama cha dukani alikuwa amelipa fedha ili aivue.

Kilichomaliza maarifa haya si ukosefu wa mafuta. Ni kuenea kwa feleji isiyoshika kutu, iliyotokana na majaribio ya Harry Brearley mjini Sheffield mwaka 1913. Chuma chenye kromiamu isiyopungua asilimia 10.5 hivi hujifunika kwa utando usioonekana unaojiponya wenyewe kila unapokwaruzwa, na kisu chake huhitaji kuoshwa tu. Katika maduka ya Bariadi leo ndicho kisu cha kawaida. Mtu aliyekulia nacho hana sababu ya kujua samli inafanya nini kwenye chuma, na anapokutana na kisu cha kaboni hukiona kibovu, hukitupa, au hufanya kama mimi.

Kilichobaki ndani ya mpini

Nilipokifungua kisu cha babu kwa mara ya pili, nikiwa na taa na kijiti badala ya msasa, nilikuta kwamba mtaro wa mpini haukuguswa. Chini yake palikuwa na donge la nyuzi za pamba lililokauka. Ukutani, pale ubapa ulipokuwa ukilala, palikuwa na utando mgumu wa rangi ya asali iliyokolea, usiotoka kwa kitambaa kikavu. Na mgongo wa ubapa karibu na bawaba, mahali ambapo kutu ingepaswa kuanza kabla ya pote, ulikuwa mweusi, laini, bila kishimo hata kimoja.

Samli isingekauka hivyo. Mafuta ya mashine yasingeacha koti gumu. Utando wa namna hiyo unalingana na mafuta ya mbegu yaliyopakwa mara nyingi kwa miaka, tabaka juu ya tabaka, na mtu aliyekuwa akikumbuka bawaba na si makali peke yake. Kutu nyekundu niliyoiona juu ya ubapa ilikuwa ya miaka ya sandukuni, baada ya mkono huo kuacha kazi. Alama ya Solingen, kama ilikuwa ya Solingen, ingenieleza kiwanda. Huu utando unaeleza mwenye kisu.

Kwa makumbusho yetu hili ni suala la kazi, si la hisia. Pale Bujora, karibu na Mwanza, na katika mikusanyo mingine ya vitu vya Kisukuma, kila mkuki, jembe na kisu huja na tabaka zake za lami, mafuta, damu na udongo. Msafishaji mwenye nia njema anaweza kuondoa kwa asubuhi moja ushahidi wa miaka arobaini. Kutu hai, nyekundu na inayomomonyoka, haina budi kuzuiwa, na njia ya upole ipo: kulilowesha eneo hilo kwa mafuta mepesi siku kadhaa, kuinua kutu kwa kijiti cha mti mgumu au kipande cha shaba ambacho ni laini kuliko feleji, kisha kukausha na kupaka nta. Weusi uachwe. Ndani ya mipini na ala paguswe baada tu ya kupigwa picha na kuchukuliwa sampuli.

Kisu chenyewe sasa hakimo sandukuni wala katika ala. Nimekipaka nta, nimekifunga kwa karatasi kavu, na kila mwezi wa Oktoba, kabla ya mvua za kwanza, nakifungua kukikagua. Mtaro wa mpini sijausafisha.